Richard wa III: mufalme aliyehukumiwa juu ya mugongo wake

Tarehe 22 mwezi wa 8 mwaka wa 1485, mufalme wa Uingereza aliuawa katika vita ya Bosworth, karibu na muji wa Leicester. Jina lake Richard wa III. Alikuwa na miaka 32, na alikuwa ametawala miaka 2 na kidogo tu. Waliomushinda walimuvua nguo zote, wakamulaza juu ya farasi, wakamupeleka mujini ili kila mutu aone kama kweli amekufa. Pale mwili bila nguo ulionyesha kitu ambacho mavazi ya kifalme yalikuwa yanaficha miaka mingi: mugongo wake ulikuwa umepinda.

Tangu siku ile, ule mugongo ukageuka kuwa mashitaka. Waandishi wa mufalme mupya walisema mutu mwenye mwili uliopinda ana roho iliyopinda pia. Watu waliamini hivyo miaka zaidi ya 500, mpaka siku mifupa yenyewe ilipotoka chini ya udongo.

Ndugu musikilizaji, pengine unajiuliza: mufalme wa zamani wa Wazungu anatuhusu nini sisi watu wa Bukavu, Butembo, Uvira ao Bunia? Anatuhusu, juu ya ugonjwa aliokuwa nao uko pia kati ya watoto wetu. Kwa kifaransa waganga wanauita scoliose; sisi tutasema skoliozi. Na hata kwetu, mutoto mwenye mugongo uliopinda anaweza kufichwa nyumbani, kuchekwa ku masomo, ao kuitwa mutoto wa laana. Maisha ya Richard yanatufundisha namna ugonjwa huu unavyoanza, na namna jina la mutu linavyoweza kuharibiwa bure.

Mutoto aliyekimbia vita

Richard alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka wa 1452, katika ngome ya Fotheringhay. Baba yake alikuwa mutawala wa York, mama yake Cecily Neville. Kati ya watoto wa kiume waliobaki hai, yeye njo alikuwa mudogo wa wote. Wakati ule jamaa mbili kubwa, York na Lancaster, zilikuwa zinapigania kiti cha ufalme.

Mwisho wa mwaka wa 1460, baba yake na kaka yake Edmund waliuawa katika vita ya Wakefield. Richard alikuwa na miaka 8. Mama yake, kwa kuogopa, alimutuma pamoja na kaka yake George ngambo ya bahari, katika inchi ya mutawala wa Burgundy. Kisha miezi kidogo kaka yao mukubwa, Edward, alishinda vita na kuwa mufalme Edward wa IV. Ndipo wale watoto wawili wakarudi. Mutoto anayefiwa na baba vitani na kulala ku inchi ya wengine, hiyo ni habari ambayo watu wa kwetu hawahitaji kuelezewa.

Nyuma ya kurudi, Richard alipewa cheo cha mutawala wa Gloucester. Kisha alitumwa kaskazini, katika ngome ya Middleham, alelewe na mukubwa mumoja wa jamaa ya mama yake, mutawala wa Warwick. Huko alijifunza kupanda farasi, kushika upanga na kuvaa nguo za chuma, kama vijana wengine wa ukoo wake. Na ni katika miaka hiyo ya kukomaa, pengine tangu alipofikisha miaka 10 na kuendelea, kwamba uti wa mugongo wake ulianza kupinda pole pole.

Hakuzaliwa hivyo. Wataalamu waliopima mifupa yake walikuta pingili za uti wa mugongo hazikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Mutoto alianza maisha na mugongo ulionyooka. Ulipinda wakati alipokuwa anarefuka.

Skoliozi ni nini?

Ukimuangalia mutu kwa nyuma, uti wa mugongo unapaswa kushuka wima, kutoka shingo mpaka kiunoni. Kwa mutu mwenye skoliozi unapinda upande wa kuume ao wa kushoto, mara mufano wa herufi C, mara mufano wa S. Tena haupindi tu: pingili zinajizungusha pia, na mbavu zinafuata. Njo maana upande mumoja wa mugongo unatokeza kuliko mwingine.

Waganga wanapima kupinda huko ku picha ya radio, kwa digrii. Kuanzia digrii 10, wanasema ni skoliozi. Katika vijana 100, wawili ao watatu wako nayo, na kwa wengi ni ndogo tu. Kupinda kudogo kunapata wavulana na wasichana karibu sawasawa, lakini kule kunakoongezeka mpaka kuwa kukubwa kunapata wasichana zaidi sana.

Inatoka wapi? Karibu mara 8 kati ya 10, sababu haijulikani. Mara nyingine iko katika jamaa: mama, shangazi ao dada naye alikuwa nayo. Lakini mambo mengine tunaweza kuyakataa waziwazi. Haitokani na kubeba bidoni ya maji, wala na mufuko wa masomo, wala na kulala vibaya. Haitokani na kosa la mama akiwa na mimba. Na haitokani na muchawi. Kubebesha mutoto muzigo muzito kunamuumiza kweli mugongo, na ni vizuri tuache, lakini si muzigo unaoleta skoliozi ya namna hii.

Mupiganaji mwenye mabega yasiyo sawa

Turudi kwa Richard. Ule mugongo haukumuzuia kukua, kuoa, kupigana na kutawala. Katika mwaka wa 1471, akiwa na miaka 18, alipigana bega kwa bega na kaka yake mufalme katika vita mbili kubwa, Barnet mwezi wa 4 na Tewkesbury mwezi wa 5. Kisha alimuoa Anne Neville, binti wa yule yule mutawala wa Warwick aliyemulea. Walipata mutoto mumoja, Edward. Miaka mingi alisimamia upande wa kaskazini wa inchi kwa jina la kaka yake, na watu wa muji wa York walimupenda.

Nguo zilizoshonwa vizuri na mavazi ya chuma yaliyopimwa ku mwili wake yaliweza kuficha mabega. Wengi waliomuona akiwa hai hawakuandika lolote juu ya mugongo wake.

Mwezi wa 4 mwaka wa 1483 mufalme Edward alikufa ghafula. Mutoto wake mukubwa wa kiume, aliyeitwa Edward pia, alikuwa na miaka 12. Richard, baba yake mudogo, aliwekwa kuwa mulinzi wa ufalme mpaka kijana akomae. Kumbe mambo yaligeuka. Ilitangazwa kwamba ndoa ya wazazi wa yule kijana haikuwa halali, basi watoto hawana haki ya kurithi. Tarehe 6 mwezi wa 7 Richard mwenyewe alivalishwa taji. Kijana na mudogo wake walikuwa wamewekwa katika ngome ya London, na nyuma ya miezi hiyo hakuna aliyewaona tena. Wanahistoria wengi wanamubebesha Richard damu yao, wengine wanabisha. Hilo ni shitaka zito na halipaswi kufichwa.

Katika utawala wake mufupi alifanya pia mambo ya kusaidia raia. Baraza la mwaka wa 1484 lilipitisha sheria za kumulinda mutu aliyefungwa asinyanganywe mali yake mbele ya kuhukumiwa. Lakini mwaka ule ule mutoto wake na Anne alikufa, na mwezi wa 3 mwaka wa 1485 bibi yake Anne naye akafa. Kisha miezi 5, Henry Tudor alitoka Ufaransa na askari wake. Huko Bosworth, Richard alipanda farasi na kumushambulia Henry moja kwa moja. Alizungukwa na kuuawa. Ni mufalme wa mwisho wa Uingereza aliyekufa vitani.

Namna walivyomuandika nyuma ya kifo

Waliomuzika walikuwa watawa wa Mutakatifu Fransisko, ndani ya kanisa lao mu Leicester, bila heshima kubwa. Karibu miaka 50 kisha, nyumba ile ya watawa ilifungwa na kubomolewa, na fasi ya kaburi ikasahauliwa.

Sasa kazi ya kalamu ikaanza. John Rous, padri aliyekuwa amemusifu Richard akiwa hai, alibadili maneno yake wakati Tudor alipotawala. Aliandika kwamba Richard alikaa miaka miwili ndani ya tumbo la mama, kisha akazaliwa na meno na nywele mpaka mabegani. Kati ya uongo ule kulikuwa na ukweli mumoja: alisema bega la kuume lilikuwa juu kuliko la kushoto. Nyuma yake Thomas More aliandika kwamba ni bega la kushoto, tena akaongeza mukono uliokauka. Katika hadisi ya More, Richard mwenyewe anasema wanawake wawili wamemuroga mukono. Picha moja ya rangi iliyo katika nyumba ya kifalme ilichunguzwa na mashine ya radio: ikaonekana mutu alikuja nyuma akapaka tena bega ili lionekane baya zaidi. Mwisho, karibu mwaka wa 1593, Shakespeare alimuweka katika muchezo wa kuigiza kama kibiongo mwenye muguu kilema na mukono mukavu, mwenye roho mbaya kuliko wote. Ule muchezo ukaenea dunia muzima.

Muone namna ilivyokwenda. Kupinda upande kukawa kibiongo, kibiongo kikawa alama ya laana, na laana ikawa ushahidi wa mauaji. Lakini makosa ya mutu yanahukumiwa kwa matendo yake. Kama Richard aliua wale watoto, ni mukosaji hata kama mugongo wake ungekuwa umenyooka kama muti wa mukaratusi. Na kama hakuwaua, mugongo hauwezi kumutia hatiani.

Mifupa inasema

Mwezi wa 8 mwaka wa 2012, wachimbaji wa chuo kikuu cha Leicester walianza kuchimba chini ya parkingi ya magari, mahali walipohesabu kwamba kanisa la wale watawa lilikuwa. Siku ya kwanza tu walikuta mifupa ya miguu. Walipofungua zaidi, waliona uti wa mugongo umejipinda kama nyoka. Vipimo vya ADN vililinganishwa na watu wa leo wanaotoka katika ukoo wa dada yake kwa upande wa wamama. Tarehe 4 mwezi wa 2 mwaka wa 2013 chuo kilitangaza: ni Richard wa III.

Wataalamu walipitisha mifupa katika skaneri, wakatengeneza mufano wa uti ule kwa plastiki, pingili kwa pingili. Walikuta kupinda kukubwa kwa upande wa kuume, zaidi ya digrii 60. Bega la kuume lilikuwa juu, kama Rous alivyosema. Bila kupinda, angefika karibu metre 1 na sentimetre 73. Kwa kupinda alionekana mufupi zaidi. Lakini mukono mukavu? Hapana. Muguu wa kuchechemea? Hapana. Kibiongo? Hapana pia, juu ya kibiongo ni mugongo kuinama mbele, na skoliozi ni kupinda upande. Walihesabu vidonda 11 vya wakati wa kufa, 9 ku kichwa. Hata mayai ya minyoo ya tumbo yalipatikana, yale yale yanayosumbua watoto wetu. Mufalme alikuwa mutu kama sisi.

Namna ya kutambua mbele ya kuchelewa

Wakati wa Richard hapakuwa na radio ya mifupa. Waganga wa zamani walikuwa wanamulaza mugonjwa na kumuvuta kwa kamba, kichwa huku na miguu kule. Maumivu tu, kupona hapana. Leo muzazi anaweza kufanya kitu cha maana bila franka moja.

Skoliozi nyingi haiumi, njo maana inapita bila kuonekana. Tazameni mutoto tangu miaka 10, wakati anarefuka kwa haraka. Asimame wima bila shati, akiwapa mugongo. Kama ni musichana, afanye hivyo na mama yake ao muganga mwanamuke, mahali pa siri. Angalieni: bega moja liko juu? Mufupa wa bega mumoja unatokeza? Kiuno upande mumoja kimeingia ndani kuliko mwingine? Uniforme inaning'inia upande?

Kisha aunganishe miguu, anyooshe magoti, aweke viganja pamoja, na ainame mbele mpaka mugongo ulale kama meza. Kaeni nyuma yake, macho yawe sawa na mugongo. Kama upande mumoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine, mumupeleke kwenye kituo cha afya. Rudieni kila miezi 6 mpaka amalize kukua. Walimu nao wanaweza kuwaambia wazazi wakiona bega la mwanafunzi limeshuka.

Kuna alama za kutosubiri: maumivu yanayomuamusha usiku, homa, kukonda, miguu kulegea ao kufa ganzi, kushindwa kuzuia mukojo, ao kupinda kunakoanza mbele ya miaka 10. Hapo inaweza kuwa ugonjwa mwingine. Kwetu inabidi kufikiria kifua kikuu cha uti wa mugongo: pingili zinaoza, mugongo unatokeza kwa nyuma kama ncha, na mutoto anaumwa. Kifua kikuu kinapona kwa dawa, na dawa zake katika inchi yetu ni za bure. Akicheleweshwa, anaweza kupooza. Njo maana musimupeleke mutoto kwa mutu wa kumukanda kwa nguvu, kumuvuta ao kumukanyaga mugongo. Uti unaooza unaweza kuvunjika.

Namna ya kumuhudumia

Muganga atamupima, na kama inafaa atamutuma kupigwa radio. Kupinda kukiwa chini ya digrii 25, kazi kubwa ni kufuatilia: kumupima tena kila miezi 4 mpaka 6 wakati anakua. Wengi wanaishia hapo, wanakuwa watu wazima bila shida.

Kati ya digrii 25 na 45, kama mutoto bado anarefuka, anaweza kupewa korse, nguo ngumu ya plastiki inayokamata kiwiliwili. Korse hainyooshi mugongo kabisa. Inauzuia usiendelee kupinda. Inasaidia kufuatana na saa za kuivaa. Majaribio ya huko Marekani na Kanada, yaliyotolewa mwaka wa 2013, yalionyesha kwamba waliovaa karibu saa 13 ao zaidi kila siku walifaulu mara nyingi sana, lakini waliovaa saa kidogo walikuwa karibu sawa na wasiovaa. Katika joto na mbele ya wenzake, hiyo ni kazi ngumu kwa kijana wa miaka 12. Anahitaji jamaa ya kumutia moyo. Na anapokua, korse inabadilishwa.

Kupita digrii 45 ao 50, waganga wanafikiria upasuaji wa kuweka vyuma ku uti wa mugongo. Ni upasuaji mukubwa, si wa kila hospitali. Muombe maelezo yote mbele ya kukubali, na mujihazari na mutu anayeahidi kunyoosha mugongo kwa wiki moja. Mazoezi anayofundishwa na mutaalamu wa viungo yanasaidia pumuzi na nguvu za mugongo. Tena mutoto mwenye skoliozi hakatazwi kucheza mupira, kuogelea ao kucheza ngoma. Ku Bukavu kituo cha Heri Kwetu kinajulikana kwa kazi ya watu wenye ulemavu wa viungo, na ku Goma hospitali ya HEAL Africa inajulikana kwa mifupa. Muanze na kituo cha afya cha karibu, kiwaonyeshe njia.

Tarehe 26 mwezi wa 3 mwaka wa 2015, Richard alizikwa tena ndani ya kanisa kubwa la Leicester, safari hii kwa heshima ya mufalme. Watu walipanga mistari kwa saa nyingi ili kupita mbele ya sanduku lake. Ilichukua karibu miaka 530 kwa mifupa yake kuondoa uongo. Mutoto wa kwenu hawezi kusubiri hivyo. Miaka yake ya kukua ni kidogo, na ni katika miaka hiyo tu korse inaweza kusaidia. Muangalie mugongo wake wiki hii, na mukikuta umepinda, musimufiche: mumupeleke apimwe.